Transfoma ya Radi

Kaka yangu watu wanamwita Radi, na si kwa sababu ya kazi yake ya umeme. Ni mkono. Akikasirika haulizi mara mbili. Utaona nyota mchana kweupe, kosa lako utalijua baadaye. Karakana yake ya redio ina mlango uliovunjwa kwa mgongo wa mteja, na mteja mwenyewe hakurudi kudai chochote isipokuwa kiatu chake.

Mimi ni dada yake, nimemzidi miaka minane, na simwogopi. Nasema hivyo, lakini nikimtembelea huwa nakaa karibu na mlango.

Jambo moja lilimkaa rohoni: hajawahi kusikia sauti ya baba. Baba aliimba kwenye bendi, akafa Radi angali ananyonya. Ikabaki santuri moja, ambayo mama aliificha chini ya godoro mpaka siku tulipohama nyumba na Radi akaiona. Tangu hapo hakutulia. Kwake baba alikuwa shujaa. Mama hakusema neno, nami nikanyamaza, na kunyamaza huko najilaumu mpaka leo, kwa sababu baba alikuwa mnyama. Sikio la kushoto la mama halisikii. Radi aliambiwa ni homa. Ilikuwa kofi, nikitazama kwa macho yangu, kisa chai imepoa.

Basi akaipiga ile santuri kwenye mashine yake. Ilikuwa imechakaa, na sauti ya baba ikatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi, juu yake mngurumo mtupu. Akiongeza sauti, na mngurumo unaongezeka. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa santuri, alipomwazima kichwa cha sindano cha aina nyingine, chenye koili nyembamba kuliko unywele.

"Hiki kinasikia mpaka pumzi ya mwimbaji," mwalimu alimwambia. "Ila umeme wake ni kiduchu. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya utasikia mlio kama wa mvua tu. Kitengenezee transfoma ya kupandisha, ikae hapo katikati."

Sasa, pale karakanani hakuna kitu kinachopita bila kuguswa na mita. Redio ikiingia, mita. Pasi, mita. Fundi aitwaye Waya, aliyekuwa amefanya kazi na Radi miaka kumi, alikikuta kile kichwa mezani akakigusa na ncha za mita aone kama koili ni nzima. Ilikuwa nzima, mpaka alipoigusa. Koili nyembamba namna ile haiwezi kuhimili hata betri ya mita, ikakatika papo hapo.

"Umefanya nini?" Radi aliuliza. Siku hiyo nilikuwa nimemtembelea, nimekaa pale pale karibu na mlango.

"Nimepima tu, bwana."

Radi alimshika kisogo akaubamiza uso wake juu ya meza, mara ya kwanza, mara ya pili. Jino likarukia kwenye kopo la skrubu. Waya alipoanguka akamfuata chini kwa mateke, na nilisikia mbavu zikilia. Nilimrukia kaka yangu mgongoni nikimvuta shingo, akanipiga kiwiko cha mdomo bila hata kugeuka kuona ni nani. Tulitulia mimi na Waya sakafuni, tunatema damu pamoja, na Radi amekaa kitini anakilea kile kichwa kiganjani na machozi yanamtoka. Nilimchukia siku ile. Nilimwonea huruma pia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Waya alilazwa wiki mbili. Radi aliuza pikipiki, akamlipa mwalimu kichwa chake na kununua kingine. Kisha akajifungia miezi mitatu na transfoma yake. Chuma cha ndani alikitoa kwenye maikrofoni mbovu za zamani. Uzi wa shaba alikuwa anauzungusha kwa keke ya mkono, ile ya kutobolea mbao, mizunguko michache upande wa kuingilia, mara kumi yake upande wa kutokea, anahesabu kwa sauti, na ole wako umsalimie katikati. Aliikata na kuianza upya mara tano. Mngurumo ukakataa kuondoka mpaka alipoifungia ndani ya kopo la chuma, akaisogeza mbali na amplifaya na kuunga waya wa ardhi. Kwa ufundi, simdanganyi mtu, mdogo wangu hana mpinzani.

Adhuhuri moja alinipigia simu. "Dada, imekubali! Sijaisikiliza yote. Namleta mama tusikie wote."

"Usimlete mama," nilisema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ningemwambia. Lakini mdomo ule alionipiga kiwiko ulikuwa umepona kwa shida, nikasema, "Anachoka."

Nilipofika karakanani, mama alikuwa keshakalishwa mbele ya spika, sikio zima limeelekezwa huko. Radi alishusha sindano polepole. Hakukuwa na mvua wala mngurumo. Gitaa lilikuja, kisha pumzi, kisha baba, mle mle chumbani, kama amesimama kati yetu anavua koti. Radi alikuwa anatabasamu mashavu yamelowa.

Mama alishika mikono ya kiti. "Zima," alisema.

"Mama, sikiliza kwanza."

"Zima, nakuomba. Huyu mtu alikuwa ananiua."

"Nani? Baba?" Aligeuka kwangu. Nilitikisa kichwa kukubali. "Mnasema uongo! Miaka yote hii mko kimya, leo nimempata ndiyo mnamtukana?"

"Mwanangu, hili sikio..."

"Nyamaza!" Alipiga hatua moja kumwelekea mama, ngumi juu.

Mama hakupiga kelele. Alijikunja ndani ya kiti, akakikinga kichwa kwa mkono, akafumba macho. Alikuwa anaujua mkao huo vizuri mno.

"Nisamehe, mume wangu," alisema.

Ngumi ya Radi ilibaki juu. Hakuna aliyesogea kuzima mashine. Kwenye spika wapiga gitaa walipumzika, baba akacheka, na kicheko chake kilikuwa safi, hakina mngurumo hata chembe.