Kadi ya Zamu Mlangoni

Bi Rhona Budge alikwenda Edinburgh kustarehe siku tatu akiwa amebeba sandwichi nane za mayai, kwa sababu hakuamini kwamba huko kusini kuna mtu anayejua kuchemsha yai. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Miaka thelathini na moja alipika katika jiko la shule hapa kwetu Wick, kaskazini kabisa mwa Uskoti, na nusu ya mji huu imekua kwa nyama yake ya kusaga na viazi. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, miaka kumi na tisa. Habari hizi alinisimulia mwenyewe, na siku hiyo tulizungumza maneno mengi kuliko miaka yote ile tukiyajumlisha. Usinilaumu haraka. Huku kwetu kumwacha mtu na mlango wake ndiyo heshima.

Mumewe, Magnus, alifariki mwezi wa Novemba, kifua kilimchukua. Tangu hapo mtoto wao wa pekee, Struan, aliye Kanada, alikuwa akipiga simu kila Jumapili na wimbo wake ni mmoja.

"Mama, uza nyumba uje huku. Huwezi kukaa peke yako humo."

"Nani kakwambia siwezi?"

"Tangu baba aondoke umetoka mara ngapi?"

"Ijumaa natoka. Nakwenda Edinburgh."

"Na nani?"

"Na mimi."

Struan alicheka. "Haya, mama. Jumapili nitakupigia. Ukiniambia umeweza, sitaitaja tena habari ya nyumba mpaka nife. Ukiniambia umeshindwa, nakuja kukuchukua. Lakini sema kweli."

"Lini nimekudanganya mimi?"

Na ni kweli, hajawahi. Bi Rhona ni mtu wa kukwambia usoni kwamba sketi yako imekubana. Basi mambo yakawa hivyo: nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, yenye alama za urefu wa Struan kwenye fremu ya mlango wa jikoni, ikawekwa rehani kwa siku tatu za matembezi. Hakutaka kuiacha. Aliniambia hivyo mara mbili, kana kwamba nilibisha.

Alipanda treni alfajiri, akabadilisha Inverness, akafika Edinburgh jioni miguu imevimba. Alikuwa amekodi fleti ndogo ghorofa ya tatu, katika nyumba ya zamani ya mawe yenye ngazi moja inayotumiwa na wote. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku cha mlangoni kinachofunguliwa kwa namba, kwa hiyo hata wa kumkaribisha hakuwepo. Alikula sandwichi mbili akiwa amesimama dirishani, halafu akalala upande wake wa kitanda. Upande wa pili hakuugusa.

Jumamosi aliamka na nia. Alivaa koti zuri, akapandisha kilima mpaka kwenye ngome ya kale ya mji.

"Wangapi?" aliuliza kijana wa tiketi.

"Mmoja."

"Mmoja tu, mama?"

"Unamwona mwingine nyuma yangu?"

Kijana akacheka, yeye hakucheka. Aliona taji la wafalme, aliona makaburi ya mbwa wa askari, akasoma kila kibao mpaka mwisho, maana kibao hakikuulizi uko na nani. Saa saba kamili mchana mzinga ulipigwa, kama unavyopigwa pale kila siku isipokuwa Jumapili. Kila mtu alijua unakuja, na kila mtu aliruka. Bi Rhona aliona jinsi mamia ya watu walivyoruka na kushikana: mke kamdaka mume, watoto wamewarukia mama zao, wanafunzi wamekumbatiana kwa kicheko. Yeye alinyoosha mkono wa kushoto, ule wa upande wa Magnus, akashika sweta la mzee mmoja wa Kikorea asiyemjua.

"Samahani," alisema. "Samahani sana."

Mzee yule aliinama kwa adabu, akarudi kwa watu wake. Bi Rhona akabaki na mkono wake hewani, akautia mfukoni. Aliniambia kwamba wakati ule angekuwa na simu ya Struan sikioni, angeitoa nyumba saa ile ile.

Mkahawani msichana alimpa meza karibu na mlango wa choo. Kabla hata hajamwuliza anakula nini, aliondoa kisu na uma wa kiti cha mbele yake, upesi upesi, kama mtu anayeondoa uchafu. "Supu tu," alisema Bi Rhona, na supu ilipokuja hakuimaliza.

Alirudi kwenye fleti saa kumi. Kwenye kishikio cha mlango ilikuwa imening'inizwa kadi ngumu yenye uzi, imechakaa pembeni, imeandikwa kwa herufi kubwa: ZAMU YAKO KUFAGIA NA KUPIGA DEKI NGAZI.

Mtalii yeyote angeipiga picha akapita zake. Lakini mpe mwanamke wa kwetu kadi ya zamu, atavua koti. Bi Rhona alitazama ngazi, akaona kweli zina vumbi, akaona aibu kana kwamba vumbi lile alikuja nalo kutoka Wick. Alitafuta ndoo chini ya sinki, akachemsha maji, akashuka nayo. Ngazi sitini na nne, na vibaraza vyake, kwa brashi na kwa magoti.

Katikati walipita vijana wawili na masanduku ya magurudumu, wakavuka maji kwa ncha za vidole vya miguu.

"Samahani, mama, neno la siri la intaneti ni lipi?"

"Futa miguu," alisema Bi Rhona.

Wakafuta. Na nikwambie, hapo ndipo alipofurahi. Saa nzima na nusu hakumkumbuka Magnus, au alimkumbuka bila kuumia, kwa sababu mahali fulani katika mji ule kulikuwa na kazi yenye jina lake. Alipomaliza, aliikausha kadi kwa aproni aliyoikuta jikoni akaipeleka mlango wa pili, maana ndiyo desturi: ukimaliza, unamtundikia jirani anayefuata. Milango yote ya ngazi ile ilikuwa na visanduku vya namba, isipokuwa huo mmoja wa mkabala na wake. Huo ulikuwa na kibao cha shaba kilichosuguliwa: A. TWEEDIE.

Kabla hajauachia uzi, mlango ulifunguka. Alisimama mzee mwembamba, tai shingoni, kandambili miguuni.

"Umeosha," alisema.

"Kadi ilisema nioshe."

"Kadi inasema hivyo kila mara. Mwaka wa nane huu hakuna aliyewahi kuosha. Mmoja aliifanya alama ya kitabu."

"Sasa nani huziosha?"

"Mimi."

"Zamu zako?"

"Zamu zote." Alisema bila kulalamika. "Tulikuwa kaya nane. Wamekufa, wamehama, zikawa fleti za wageni. Nimebaki mimi. Kila Jumamosi naisogeza kadi mlango mmoja mbele, halafu Jumapili naosha kwa niaba yao."

"Bwana Tweedie, kwa nini usiiache tu hapo kwako?"

Mzee aliitazama kadi. "Ikikaa kwangu wiki zote hamsini na mbili, dada yangu, si nitajua kwamba niko peke yangu?"

Bi Rhona aliuzungusha uzi wa kadi kidoleni.

"Nilikusikia ukianza," mzee aliendelea. "Ndoo ilipogonga chini nilikuwa nakunywa chai. Nilikuja nikasimama hapa nyuma ya mlango. Sikufungua. Niliogopa nikifungua utaacha."

"Umesimama saa nzima na nusu?"

"Nililetewa kiti na mimi mwenyewe," alisema, na wote wawili wakacheka kidogo.

Kisha kicheko kikaisha, wakabaki wamesimama mlangoni. Nyuma yake Bi Rhona aliona meza, birika, kikombe kimoja. Aliona kwamba mzee anataka kumkaribisha. Mzee naye bila shaka aliona kwamba anataka kukaribishwa. Hatua nne tu. Lakini watu wetu hawa, Mungu awasaidie, wako radhi kukuoshea ngazi sitini na nne kuliko kusema neno ingia.

"Haya basi," alisema Bwana Tweedie.

"Haya basi," alisema Bi Rhona.

Milango miwili ikafungwa. Jioni ile alikaa kitandani akisikiliza redio ya mzee kupitia ukutani, habari za hali ya hewa ya visiwani, na mzee akiijibu redio kwa sauti, "Ndiyo, ndiyo, hata jana mlisema hivyo." Akakumbuka kwamba yeye pia alikuwa ameanza kuijibu yake, tangu Januari. Hapo alilia, akiwa amejiziba mdomo kwa mto ili mzee asisikie.

Jumapili asubuhi alitoka na begi lake. Kadi haikuwepo tena kwa Tweedie. Ilikuwa imekwishapelekwa ghorofa ya juu, kwenye mlango wa kisanduku cha namba, imenyooshwa vizuri. Aligonga kwa mzee mara moja, taratibu sana, kisha akashuka kabla ya kujua kama angefunguliwa. Kosa hilo bado linamuuma.

Struan alipiga simu treni ikiwa imevuka Perth.

"Vipi, mama? Umeweza?"

"Nimeweza."

"Kweli?"

"Kweli. Nimekula peke yangu, nimelala peke yangu, nimetembea mji mzima peke yangu. Mama yako angefanya nini zaidi? Naweza kabisa."

"Basi, mama," alisema Struan, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuahidi. Nyumba sitaitaja tena."

"Ngoja. Nimemwona mtu anayeweza, Struan. Ameweza miaka minane, sasa anaijibu redio, na mimi nimeshaanza." Abiria wa mbele aligeuka kumtazama, Bi Rhona akamwacha atazame. "Njoo unichukue."