Kwinini Niliyoificha Voi

Sikufika Voi nikiwa mgonjwa. Hilo nataka lijulikane kwanza, maana kwetu Mbololo wapo mpaka leo wanaosema niliondoka na ugonjwa wangu mfukoni. Waongo. Niliteremka mlima ule nikiwa na miaka ishirini, mzima kabisa, meno yote kinywani, miguu iliyozoea kupanda na debe la maji bila kuhema. Homa nilipewa na mji. Kuilea nililea mwenyewe, na ndiyo sababu naandika.

Miaka ile ya hamsini, sisi watu wa milimani tulikuwa na sheria moja kuhusu tambarare. Shuka, uza ndizi zako, nunua chumvi na mafuta ya taa, panda. Usilale. Hata wenye mashamba ya mahindi huko chini walilima mchana na kurudi juu jua likiwa bado lipo. Chini kulikuwa na malaria, na malaria haikuwa na huruma kwa watu waliokulia kwenye baridi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, hakuamini mizimu wala waganga, lakini sheria hii aliishika kama amri ya kumi na moja.

Nilipomwambia nimepata nafasi ya kujifunza telegrafu kwenye stesheni ya Voi, na kwamba nitapanga chumba huko, hakupiga kelele. Aliendelea kuchonga mpini wa jembe.

"Utalala Voi?"

"Ndiyo, baba."

"Umesoma sekondari miaka miwili ili ukalale Voi."

"Kazi iko huko. Huku mlimani hakuna reli."

"Basi nenda. Lakini miguu hii haitashuka kukuona. Ukiwa mzima haitashuka, ukiwa mgonjwa haitashuka. Umesikia?"

Nilisikia, nikajibu jambo ambalo mtoto hamjibu baba yake. Nilimwambia miguu yenyewe imezeeka, heri ibaki. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Mkono wake ulisimama hewani. Niliondoka bila baraka ya mtu.

Nitasema kweli: miezi ya kwanza niliupenda mji ule, na ndiyo maana nauchukia hivi leo. Ulikuwa msimu wa joto kali. Vumbi jekundu lilipenya hadi kwenye meno, mabati yakialika juani mchana kutwa. Chumba changu kilikuwa nyuma ya maduka, kina kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia shati, na ufunguo. Sikuwahi kuwa na ufunguo maishani. Kwetu mlango ulifungwa kwa kijiti. Niliuvaa shingoni, nikiuonyesha hata kwa watu wasioniuliza. Mshahara wa kwanza nilinunua viatu vyeusi vya kamba. Wa pili nilikwenda kupigwa picha, nimesimama kando ya kiti na saa ya kuazima mkononi. Jioni nilikwenda stesheni kutazama gari la Mombasa likiingia na lile la Taveta likingoja, na wauza mayai wakiniita karani. Karani! Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya neno hilo, na nilikaribia.

Picha ile ninayo. Ukiitazama vizuri utaona yule kijana hakuegemea kiti kwa maringo. Amekishika ili asianguke.

Kwa kuwa homa ilikuwa imeanza. Ilinikamata katika wiki ya tano, saa nane mchana, jua likichoma, nami natetemeka hadi kitanda kinalia. Baridi ilipokwisha likaja joto, likaja jasho la kulowesha godoro, kisha nikaamka mwepesi kama sikuumwa. Nilinunua kwinini dukani. Mwenye duka alinionya, simsingizii: "Meza zote mpaka ziishe, hata ukijiona umepona."

Nilimeza siku mbili. Homa ilishuka, masikio yakaanza kulia. Waliowahi kumeza kwinini wanajua: kama nyenje wawili wameingia, kila mmoja na sikio lake. Na telegrafu ni kazi ya sikio. Kijichuma kinagonga, wewe unasikiliza ugongaji, unaandika herufi kwa penseli. Ukikosa pigo moja, herufi si hiyo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kombo, mtu wa pwani, mwenye ulimi wa wembe.

"Nimekugongea ng'ombe ishirini," aliniambia asubuhi ile mbele ya makuli, "wewe umeandika ng'ombe wawili. Hawa kumi na wanane wameliwa na simba?"

Makuli wakacheka.

"Samahani, mzee."

"Samahani haipandi gari. Masikio yako yana ukungu wa huko kwenu milimani? Sikiliza, bwana mdogo. Mwenye masikio mabovu hakai kwenye mashine hii. Anarudi kwao kupalilia."

Kutoka siku ile nikaanza kuvunja vidonge. Nikitetemeka nilimeza nusu. Nikipata nafuu niliacha. Homa ilirudi, nikameza nusu nyingine. Ilirudi tena. Kwa miezi miwili niliilisha homa ile vipande vipande, na kazini nilisema niko salama. Wiki ya mtihani sikugusa kabisa. Nilikaa mbele ya mashine nikiwa na homa ya kukaangia yai, lakini masikio yakiwa safi, nikaandika kila neno.

Mzee Kombo alisoma karatasi yangu mara mbili. "Haya," alisema, "leo ng'ombe wote wamefika."

Nilifaulu. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili, kwa kuwa masikio hayakuwa na kazi tena, nilimeza vidonge vinne kwa mkupuo ili niimalize ile homa mara moja. Huo ndio ujinga wangu, nauweka hapa mbele ya watu wote.

Kesho yake asubuhi nilikwenda chooni nikakojoa kitu kama kahawa. Nikadhani ni giza la choo. Nikakojoa tena kwenye kopo, nikalitoa nje juani. Mkojo ulikuwa mweusi, na povu lake jekundu. Mgongo ulikuwa umeshikwa kiunoni kama kwa koleo. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nikitapika nyongo ya kijani, na jirani aliyekuja kunitazama alirudi nyuma mlangoni. "Macho yako!" alisema. Yalikuwa ya manjano kama papai. Walinipeleka zahanati kwa mkokoteni wa magunia.

Dresa wa pale aliitwa Mutua, Mkamba mrefu asiyecheka. Daktari alikuja mara moja kwa wiki kwa gari moshi, na siku yake ilikuwa bado. Mutua aliutazama mkojo wangu kwenye chupa, akaugeuza kwenye mwanga.

"Umemeza kwinini?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Sema kweli."

"Hapana."

"Nakuuliza mara ya mwisho, kijana. Kwinini?"

"Sijaigusa."

Kwa nini nilikana? Kwa sababu cheti changu kilikuwa na siku tatu. Nilikuwa nimetia sahihi kwamba sina homa, na nilijua neno langu litatoka pale hadi stesheni kabla chai haijapoa. Nilipima maisha yangu na kile kijichuma, nikachagua kijichuma.

Mutua alikunja uso. "Kama ni kwinini iliyokuvunja damu, singekudunga hata tone, ingekumaliza. Lakini kama hukumeza, basi mkojo huu una sababu nyingine, na hii malaria itakuua. Kesho saa nne, homa isiposhuka, nakudunga sindano ya kwinini." Akanifunika blanketi. "Na usiinuke. Usigeuke hata upande. Damu yako inavunjika."

Usiku ule akaingia Mwakio, kaka yangu mkubwa, na wanaume watatu wa kwetu na machela ya miti. Habari zilikuwa zimepanda mlima na wauza ndizi.

"Tunamchukua," Mwakio alisema.

"Mnampeleka wapi?"

"Kwa baba yake. Ana hasira naye. Lazima hasira itoke."

Hapa nieleze. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kutasa. Mtu akiwa na kinyongo na jamaa yake, na yule jamaa akaugua, mwenye kinyongo hujaza kinywa maji au pombe ya muwa, huyapuliza nje, na hutamka kile kilichokuwa moyoni ili kisimle mgonjwa. Haitumwi kwa mtu mwingine. Mwenye hasira ndiye mwenye kinywa. Baba hakuwa ametasa tangu abatizwe, na alikwisha apa kwamba hatashuka. Kwa hiyo Mwakio aliona njia moja tu: mimi nipande.

"Ukimtikisa huyu kwenye mlima ule," Mutua alisema, "utamfikishia baba yake maiti."

"Na akibaki hapa kwenu?"

"Sijui. Lakini huko najua."

"Wewe si wa kwetu. Huelewi."

"Mkojo naelewa."

Nami nilitaka kwenda! Nililia kama mtoto, nikasema nichukueni. Wakaninyanyua, wakaniweka kwenye machela. Mutua akaenda akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili. "Nikanyageni mimi kwanza," alisema. Wakati wakisukumana, mimi nilihisi kitu cha moto kikinitoka bila kujua, kikapita kwenye kitambaa cha machela, kikadondoka sakafuni, cheusi, kwenye kiatu cha Mwakio. Nikazimia.

Nilipozinduka nilikuwa kitandani, Mwakio hayupo. Alikuwa amepanda mlima mbio, peke yake.

Asubuhi homa ilikuwa juu zaidi. Saa nne ilipokaribia Mutua aliwasha jiko la primus, akatia sindano kwenye sufuria ichemke. Nilisikiliza mvumo wa lile jiko nikajua nimebakiza dakika, na bado sikusema. Kiburi cha mtu wa miaka ishirini hakina dawa.

Ndipo akaingia baba. Viatu mkononi, nyayo nyekundu kwa vumbi hadi vifundoni, Mwakio nyuma yake akihema. Hakunisalimu.

"Miguu iliyozeeka imefika," alisema.

Akachukua kikombe cha bati kando ya kitanda, akajaza kinywa maji, akayapuliza puu! juu ya blanketi langu.

"Mzee!" Mutua aligeuka. "Hapa hatutemi mate!"

"Si mate. Endelea na kazi yako, mwanangu, nami niendelee na yangu." Akanigeukia. "Nilikasirika. Ulilala Voi. Uliitukana miguu yangu mbele ya mama yako. Nilisema moyoni, afe huko huko. Nilisema, na kesho yake nikaenda kanisani nikasoma somo. Leo nayatoa. Yaende nyikani yakaliwe na fisi." Akapuliza tena. Kisha akaleta kikombe mdomoni kwangu. "Sasa wewe."

"Mimi sina kitu, baba."

"Unacho. Nimekuzaa, nakijua hicho kidevu."

Nikajaza kinywa, nikapuliza. Maji yalinichuruzika shingoni. "Nina hasira na wewe kwa kunitoa bila baraka."

"Haya. Tena."

"Nina hasira na Mzee Kombo. Alinicheka mbele ya makuli."

"Hizo ni za watu. Iliyo yako mwenyewe iko wapi? Ukibakisha moja, nimeshuka bure."

Nilimtazama. Kikombe kiligonga meno yangu, kikigonga kama ile mashine. Nikapuliza maji ya mwisho.

"Nimemeza kwinini," nilisema. "Miezi miwili, nusu nusu. Juzi vinne kwa pamoja. Nilificha."

Mvumo wa primus ulikatika. Mutua alikuwa ameizima.

"Mjinga wewe!" alinifokea, na mate yalimtoka yeye sasa. "Nimekuuliza mara tatu! Ningekuua kwa mkono huu, halafu niandike umekufa kwa homa! Mara tatu!" Akamwaga maji ya sufuria dirishani, akatoka nje, akakaa huko kitambo. Kisha akarudi. Alianza kuninywesha maji kwa kijiko, maji, chai nyepesi, maji, siku nne.

Siku ya pili mkojo ulikuwa rangi ya chai kavu. Siku ya nne, chai iliyotiwa maji. Daktari alikuja, akasoma daftari, akamwuliza Mutua aliyegundua ni nani. Mutua alimwonyesha baba, aliyelala chini ya kitanda changu, viatu amevifanya mto. Daktari alidhani ni mzaha. Malaria yenyewe waliitibu baadaye kwa vidonge vingine, nami nilivimeza mpaka kile cha mwisho, baba akihesabu kwa sauti.

Nilipanda Mbololo baada ya mwezi mzima, nikipumzika kila baada ya hatua ishirini, nywele zikinitoka kwa mafungu. Kazi ya telegrafu ilikuwa imekwenda. Niliandikiwa barua ya mistari miwili. Nilirudisha ufunguo wa chumba. Tangu hapo sijakaa mahali: mkonge wa Mwatate, ndizi za Taveta, ukarani wa hapa na pale. Sasa nimepita miaka arobaini, na sikio la kushoto lina nyenje wake bado.

Namshukuru Mutua, aliyesimama mlangoni dhidi ya ndugu zangu. Namshukuru Mwakio, aliyekuwa tayari kuniua kwa upendo kisha akakubali kukimbia. Namshukuru baba, ambaye baraza la kanisa lilimsimamisha miezi mitatu kwa kutasa, naye hakujitetea.

Nawe unayesoma, ukilala kitanda cha hospitali, ukaulizwa umemeza nini, sema. Sema hata kama kazi itakwenda, hata kama watakucheka. Dawa uliyopewa imalize. Na kama kuna mtu umemwekea neno baya, usingoje aletwe kwa machela.

Sikudanganyi kwamba moyo wangu ni mweupe. Voi sijaisamehe. Kila gari linaposimama pale nateremka, nakwenda kwenye bomba la stesheni, najaza kinywa, nautemea ule udongo mwekundu mbele ya watu, narudi kwenye kiti changu. Haijaisha. Lakini kinywa cha kuitemea ninacho.