Nilimbebesha Mume Wangu Kitabu Kilichonishinda

Kosa ni langu. Nalisema mapema kwa ajili ya wale wanaosoma mistari miwili kisha wanakimbilia kutoa maoni. Nilimsingizia mume wangu mbele ya akina mama wa kanisa kwamba amenikataza kuandika kitabu. Hakunikataza. Kitabu kilinishinda mwenyewe.

Na kama umekuja hapa kuuliza mwanamke wa cherehani alikuwa anatafuta nini kwenye riwaya, pita salama. Hilo siliungami na sitaliungama!

Mimi hushona nguo hapa Kisumu, sare za shule na za kwaya. Mume wangu, nitamwita Baba Vero ingawa mtoto wetu haitwi Vero, ni fundi wa boti kule Dunga, ufuoni mwa ziwa. Ni mtu wa maneno machache sana. Mwaka jana nilipomwambia nataka kuandika riwaya, hakucheka. Alisema, "Sawa."

Baada ya siku kadhaa akaja na meza. Alikuwa ameitengeneza kwa mbao zilizobaki kwenye boti, akaipiga randa mpaka ikawa laini kuishika. Akaiweka karibu na dirisha. "Hii ni ya kitabu," akasema. "Usiwekee nguo." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Jamani, niliandika! Hadithi ilihusu mzee tajiri wa samaki mwenye wake wawili, mkubwa kijijini na mdogo mjini. Kila Jumapili baada ya ibada, akina mama tulibaki kwenye darasa la watoto nyuma ya kanisa, nikawasomea kipande. Walicheka mpaka mchungaji akaja kuchungulia. Wakaanza kuniita Mwandishi. Acheni niseme ukweli, jina hilo lilinilewesha.

Katikati ya kitabu nikamuua mzee. Akafia hospitalini, mwili ukapelekwa mochari, wake wawili wakaanza kugombana azikwe wapi. Mnajua kwetu Wajaluo jambo hilo lilivyo: mtu huzikwa kwenye boma lake. Mama Jimi, mchuuzi wa samaki ambaye sauti yake hufika kabla yake, alisimama akapiga meza.

"Yawa! Asizikwe kwa huyo wa town! Mwandishi, ukimzika kwa huyo, mimi na wewe tumekosana!"

Hapo ndipo nilipokwama.

Ningependa kuwaambia niliugua. Ningependa kusema nilifiwa, au kazi ilizidi, au mvua iliingia ndani ikalowesha karatasi. Hakuna! Hamu iliisha tu. Nilikaa kwenye meza nzuri, dirisha wazi, chai kando, nikautazama ukurasa na kuhisi nimewachoka watu wote wale. Mke mkubwa alinichosha. Mke mdogo alinichosha. Hata marehemu alinichosha! Nikawa nachukua simu na kutazama video za watu wanaopika. Baba Vero akirudi ananikuta hivyo, anapita, anaenda kuoga.

Jumapili moja nikawaambia akina mama kichwa kinaniuma. Nyingine nikasema kuna sare za haraka. Iliyofuata, Mama Jimi hakunipa nafasi.

"Mwandishi, huyo mzee utamzika lini? Ama ataoza huko mochari?"

Wote wakacheka, kisha wakanigeukia. Ningesema, "Nimekwama, dada zangu," na pengine tungecheka tena, twende nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshakuwa Mwandishi. Mwandishi gani anakwama? Nikashusha macho, nikasema, "Si mnajua wanaume."

Basi! Hayo tu!

Mama Jimi akauliza polepole, "Ni Baba Vero anakukataza?" Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Wakanikumbatia. Wakaniombea. Mmoja alilia kabisa. Na mimi, mshenzi mimi, nilijisikia vizuri! Hakuna tena aliyeniuliza habari za mazishi. Nilikuwa nimepata likizo na huruma kwa pamoja.

Uongo ule haukuhitaji nisukume. Jumapili ilikuwa amenikataza. Katikati ya wiki ikawa amenirarulia karatasi. Kufikia Jumapili nyingine alikuwa amekichoma kitabu chote, na kuna mtu aliyeona moshi! Moshi gani, wakati daftari zangu zilikuwa chini ya kitanda? Lakini nilipoulizwa kama ni kweli, nilijibu, "Sipendi kuongelea hiyo maneno." Nikaacha moshi uendelee kupanda.

Akina mama wakaacha kumsalimia. Mama Jimi alikuwa amemwagiza boti, na kazi ilikuwa imefika nusu, mbavu zimesimama na upande mmoja umeshapigiliwa mbao. Akaenda Dunga, akamwambia mbele ya mafundi wenzake, "Simama hapo hapo. Mimi siwezi kupanda boti ya mtu anachoma akili ya mke wake." Baba Vero akaweka nyundo chini. Haya nilisimuliwa na Mama Jimi mwenyewe, akijivuna, na mimi nikamshukuru. Nikamshukuru!

Samaki wa Dunga hufika soko la Katito, na maneno husafiri pamoja nao. Kutoka Katito yakafika Pap Onditi, kwa mama mkwe wangu. Akatuita.

Tulimkuta amepika uji, amepanga viti. Alinishika mkono akanivuta. "Nyathina, mtoto wangu, kaa hapa kando yangu." Kisha akamgeukia mwanawe. Alisema kwa Kijaluo, na siwezi kukitafsiri na ukali wake wote.

"Mimi baba yangu alinitoa shule nikachunge ng'ombe. Nililia, hakusikia. Amekufa na bado nina uchungu na yeye. Kumbe nilimzaa tena?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamtazama Baba Vero. Sasa atasema, nikawaza. Atamwambia mama yake ukweli, na mimi nitakwisha leo. Alinitazama kidogo, akaona nimenyamaza. Kisha akasema, "Nimesikia, Mama." Akanywa uji wake.

Nami nikabaki pale, mkono wangu ndani ya mkono wa yule mama, na sikufungua mdomo. Hilo ndilo kosa langu. Yale ya kanisani yalikuwa utoto. Pale, mbele ya mama aliyemzaa, ndipo nilipomuuza.

Tulirudi Kisumu. Tulipoingia ndani nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini hukujitetea?"

"Ningesema nini? Eti mke wangu amechoka kuandika, anaangalia video? Niseme hiyo kwa mama yangu?"

"Si ungesema tu!"

"Wewe ndio ungesema. Ulikuwa umekaa hapo."

Akaenda kwenye meza. Akaziondoa karatasi zangu taratibu, akaziweka kitandani bila kukunja hata moja. Kisha akaibeba meza.

"Kila mtu anasema nimekukataza," akasema. "Nimechoka kuwa na makosa bure. Wacha sasa nikukataze."

Msimfanye mume wangu malaika. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

Wiki iliyofuata nilishuka Dunga kununua samaki wa ngege. Boti ya Mama Jimi ilikuwa majini, imekamilika. Baba Vero hajawahi kuacha boti nusu, kwa hiyo alipokosa mteja aliimaliza kwa mbao alizoweza kupata. Nikachungulia ndani. Ubao wa kukalia ulikuwa na doa la wino ninalolijua, maana wino huo niliumwaga mimi. Ilikuwa meza yangu!

Na ubavuni, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, mume wangu asiyeongea alikuwa ameandika: NANI ALIKUZUIA?

Ufuo mzima ulikuwa unasoma. Akina mama walisema anazidi kunidhihaki, mtu mbaya huyo. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba lile lilikuwa swali, na kwamba mwenye kujibu alikuwa amesimama pale ameshika mfuko wa samaki.

Nilitarajia kuona haya. Nilikasirika! Meza yangu ikaliwe na watu wenye nguo za matope? Swali langu lisomwe na kila anayekuja kununua omena? Nilirudi nyumbani nikasukuma sare pembeni, nikaandikia juu ya cherehani, mguu ukikanyaga pedali bila hata kujua. Hasira ile ilifanya kazi ambayo maombi ya akina mama hayakuiweza. Nilimzika mzee! Nilimzika kwa mke mdogo, mjini, kwenye kiwanja kisicho na hata choo. Mama Jimi akitaka tukosane, tukosane!

Jumapili nikasimama kwenye lile darasa kabla hawajaketi sawasawa. "Baba Vero hakunikataza," nikasema. "Hakurarua kitu, hakuchoma kitu. Nilikwama, nikaona aibu, nikamsingizia."

Mnadhani walinipiga? Heri wangenipiga! Mama Jimi alikuja akanishika bega, macho yamejaa machozi.

"Pole, dada yangu. Amekulazimisha useme hivyo, ama?"

Nikaapa. Nikawaonyesha daftari, zote, za zamani na ile mpya yenye mafuta ya cherehani. "Woi! Umeandika upya yote?" mmoja akasema. "Huyu mama ana nguvu!" Kadiri nilivyozidi kumtetea ndivyo walivyozidi kumlaani. Nikampigia mama mkwe simu nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyathina, usimwogope."

Ndiyo maana naandika hapa, ambapo hamnijui na hamna sababu ya kunihurumia. Huenda mtaniamini nyinyi.

Dada zangu wa kanisa, mkisoma haya mtajitambua. Nawapenda, na kosa ni langu, lakini na nyinyi mna lenu. Niliwapa nusu sentensi, mkaimalizia kwa moto na moshi.

Na wewe unayesema ndiyo maana mwanamke hafai kushika kalamu, nyamaza. Kalamu yangu haikumsingizia mtu. Ulimi ndio uliosingizia, tena siku zile ambazo kalamu ilikuwa imelala!

Baba Vero analala nyumbani, lakini tunaongea habari za mtoto na za chumvi tu. Juzi nilimpelekea chakula Dunga. Nikamwambia nimemzika mzee. Hakuinua kichwa. Randa ilikwenda, ikarudi, kisha ikasimama.

"Umemzika wapi?"

"Kwa mdogo."

"Haiwezekani. Mtu ana boma lake, unamzikaje kwa ploti?"

"Nimeshamzika."

"Mfukue."

"Simfukui!"

Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu anioe, na kumbe yote niliyoandika alikuwa ameyasikiliza, kila jioni nilipojisomea kwa sauti nikidhani anasikiliza redio. Msidanganyike, hajanisamehe. Nilipoomba msamaha tena, alirudi kwenye randa yake.

Kwa hiyo wewe uliyeacha kitu katikati, nisikilize. Kukwama si dhambi. Hamu huisha, wakati mwingine hurudi, wakati mwingine hairudi, na hakuna anayekufa. Sema, "Nimekwama." Sema hata kama wameshakupa jina kubwa. Lakini usimtafute mtu wa kumtwika, maana siku utakapotaka kumtua mzigo huo, hakuna hata mmoja atakayekusaidia kuushika. Na usimtwike yule aliyekutengenezea meza!

Boti bado iko Dunga, na bado haina mteja. Nami nimebakisha sura chache. Nikimaliza sitasoma nyuma ya kanisa. Nitapanda ndani ya boti ile mbele ya ufuo mzima, nitaikalia meza yangu, na maneno yale mekundu yakiwa ubavuni nitajibu kwa sauti kabla sijafungua ukurasa: hakuna aliyenizuia. Kisha nitasoma mpaka mwisho. Mama Jimi aje, mama mkwe aje, na Baba Vero asimame hapo na randa yake wamwone vizuri.

Mzee simfukui.