Ndege ya Kamugisha Haimtoshi Kamugisha

Asubuhi ya Jumamosi, Thamesmead, mashariki mwa London. Ambrose Kamugisha anavua viatu, anavua koti, anabana pumzi na kujipenyeza ndani ya ndege yake. Magoti yanaingia. Mabega yanaingia kwa taabu. Kisha anavuta kifuniko cha kioo kutoka nyuma, nacho kinateleza vizuri kabisa mpaka kinapofika utosini kwake, hapo kinagoma.

"Umeona?" anasema, shingo kaikunja. "Kila Jumamosi najaribu. Labda siku moja nitakuta nimefupika."

Hacheki anaposema hivyo.

Ndege imejaa gereji nzima ya kupanga, chini ya maghorofa ambako majirani zake wanahifadhi makochi na baiskeli mbovu. Ni Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ila hii ni robo tatu ya ukubwa wa ile ya asili. Mabawa yamefunguliwa na kuegemezwa ukutani. Kiunzi ni cha mbao, juu yake plaiwudi, na kila kipande kimepita mikononi mwa mwanamume huyu wa miaka hamsini na minane ambaye siku za kazi huwaogesha na kuwavalisha wazee katika makao ya kulelea wazee.

Imemchukua miaka kumi na moja. Likizo zake zote ziliishia humu, na sehemu kubwa ya alichobakiza kwenye mshahara. Katikati ya ujenzi akajifunza urubani katika uwanja wa nyasi huko Essex, somo moja moja, kadiri mfuko ulivyoruhusu. Leseni anayo.

Ukimuuliza kwa nini Mhaya wa Kamachumu ajenge ndege ya vita ya Mwingereza, anakunja uso. Ameulizwa sana.

"Babu yangu alichangia," anajibu. "Wakati wa vita walipita wakiomba watu wa kwetu wainunulie Serikali ndege. Babu akatoa ndama jike, na ndiye pekee aliyekuwa naye. Wakamwambia ndege ikikamilika itapita juu ya Kamachumu, aione. Mzee wa watu akakaa anaangalia juu mpaka anakufa. Hakupita hata kunguru wa Mwingereza."

Hivyo ndivyo wanavyosimulia kwao, na Ambrose aliikulia hadithi hiyo. Alipofika London na kuiona Spitfire ya kweli imening'inizwa kwenye makumbusho, anasema alishikwa na hasira iliyomshangaza mwenyewe. Akaapa kuijenga yake, na kuirusha yeye.

Tatizo la kazi hii wajenzi wenzake wanalijua wote. Ndege ukiipunguza mpaka robo tatu, rubani hapungui. Ndiyo maana wajenzi wengi huinua kifuniko na kuufutua mgongo wa ndege kidogo ili mtu mzima apate kukaa. Mkaguzi anayeidhinisha ndege za kujijengea, mzee wa Kiingereza asiye na maneno mengi, alimshauri hivyo mapema, mbao zikiwa bado zinakatwa.

Ambrose akakataa. "Nilimwambia, Spitfire yenye kibyongo si Spitfire. Nilitaka mstari ule ule kama kwenye picha."

Mke wake, Elieshi, muuguzi na Mchaga, anaingia na chai na kumsikia. Utani wa makabila haujamtoka hata baada ya miaka ishirini ya Ulaya.

"Uhaya ndio uliomponza, yale maringo yao," anasema. "Angeomba hata mtu mmoja ampime. Aa wapi! Mimi niko shift, yeye huyo, kakaa juu ya ubao kavu na tepu mkononi, anajipima mwenyewe."

"Elieshi, basi."

"Niache niseme, Baba Jackie. Anayejipima mwenyewe si lazima ainamishe kichwa asome tepu? Ndivyo alivyofanya. Na mto wa kukalia hakuukumbuka, wala vile vya kuvaa kichwani vya kusikilizia redio. Haya, kaa sasa tuone!"

Ambrose anakoroga chai na kumwacha amalize. Kioo, kilichofinyangwa kwa oda, kilikuwa kitu cha mwisho kufungwa. Siku hiyo ndipo alipojua kuwa hatoshi.

Mkaguzi aliipitisha ndege bila dosari. Aliyekataliwa ni mjenzi. Hata akikunja shingo ili kifuniko kifunge, mkaguzi alimweleza, upepo ukiirusha ndege kidogo tu kichwa kitagonga kioo, na rubani aliyezirai hatui.

Aliyeirusha mara ya kwanza ni Bhavini, mhasibu kutoka Harrow, rubani mwenzake wa uwanja ule. Wazazi wake ni wa Mwanza. Ni mwanamke mfupi, na alikaa mle ndani kama aliyepimiwa. Alipotua alimkimbilia Ambrose na kumkumbatia. "Anko, tamu sana hii! Lazima wewe jivunie!"

"Nilipiga makofi pamoja na watu," Ambrose anakumbuka. "Lakini nilimchukia, sitakuficha. Alipokuwa juu nilitamani injini izime. Si aanguke, Mungu anisamehe. Izime tu, ashuke aniachie kitu changu."

Kiangazi kile uwanja ulifanya maonyesho. Ndege ikawekwa mbele, watu wakaizunguka na simu zao. Ambrose alikuwa amesimama kando ya bawa, kavaa shati jeupe alilolipigia pasi mwenyewe. Bwana mmoja akamsogelea na kumuuliza magari yanaegeshwa wapi.

"Ukamjibu nini?" namuuliza.

"Nikamwonyesha."

Tangu siku hiyo hajampa mtu ndege yake. Bhavini akipiga simu, hapokei. Binti wa Ambrose, Jacqueline, aliyezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa ila majibu yake ni ya Kiingereza. Yeye haoni shida iko wapi. "Dad, just cut it," humwambia. Ikate tu, uinue kifuniko.

Ambrose anaweka kikombe chini. Kwenye mgongo wa ndege, nyuma ya kiti, upo mstari wa penseli aliouchora tangu Pasaka. Elieshi anaujua, amekuwa akiupangusa vumbi. Leo Ambrose anachukua msumeno mdogo, anauweka juu ya mstari, anauondoa, anaurudisha.

Kisha anakata. Plaiwudi aliyoipiga msasa kwa miaka inalia, na unga wa mbao unamwangukia kwenye soksi. Elieshi anainama na kumpangusa.

Mpango wake ni kuunga mgongo mpya kipindi cha baridi, amrudishe mkaguzi, na masika yajayo aruke. Safari hii atakayempima ni Elieshi, juu ya mto, akiwa amevaa kila kitu.

"Itakuwa na kibyongo," anasema bila kuinua macho. "Na mimi ninacho, nimekipata kwa kuwainua wazazi wa watu. Babu alitoa ndama wake, ndege wakapanda wengine. Hii nitaipanda mimi, hata ikiwa mbaya."