Baiskeli ya Mlimani

Miaka ile soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, Mbinga ilijaa vitu kabla haijajaa akili. Vilikuja viatu vilivyobanduka soli kabla ya Pasaka, redio zenye taa nyingi na sauti ndogo, na baiskeli. Zamani baiskeli ilikuwa ya aina moja tu: nyeusi, nzito, breki za fito za chuma, na kuipata kulitaka kibali na subira. Sasa zilining'inia dukani kama nyama buchani, zimebandikwa picha ya mlima wenye theluji, na muuza duka akikuapia kwamba hizo ni baiskeli za mlimani. Sisi tuliozaliwa Umatengo, tunaolima miteremko ambako hata mbuzi husita, tulisubiri kibandiko kije kutufundisha mlima ni nini.

Nami nilikuwa kati ya waliosubiri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ngumbo, ziwani, kijana mwenye suruali mbili na majivuno ya mtu mwenye kumi. Kuendesha baiskeli nilijua, ila ujuzi wenyewe ulikuwa wa katikati. Sikuanguka tena kwenye tambarare, niliweza kuachia usukani mkono mmoja nikipita mbele ya kanisa, lakini mteremko mkali niliushuka kwa miguu nikijifanya nanyoosha mgongo. Mtu wa hatua hiyo ni mteja wa hovyo kabisa. Angekuwa hajui chochote angeuliza, lakini yeye anatoa maoni.

Haja yangu haikuwa ya mchezo. Mama yangu, mjane, aliishi peke yake juu Kingerikiti, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alipalilia kwa kupapasa, akang'oa maharage pamoja na magugu. Kanisani likasomwa tangazo kwamba daktari wa macho angefika hospitali ya Liuli kwa wiki moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, na hakuna aliyejua angekuja tena lini. Mvua zilikuwa zimekata barabara, magari hayashuki, na njia ya miguu ina mawe na makorongo yasiyomfaa mtu asiyeona anapokanyaga. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda Mbinga kununua baiskeli ya kumshusha mama. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu: kumpakia na kumfikisha kwa daktari kabla ya Jumamosi kuisha.

Jumatatu asubuhi nikawa dukani. Ni lazima nieleze jinsi kwetu baiskeli inavyochaguliwa, maana nimeishi miji mingine na sijaona upuuzi kama huo. Hatuikalii. Tunaiweka begani. Vijia vyetu vinapita katikati ya mashimo ya ngoro, yale tunayochimba shamba zima ili mvua isisombe udongo, na baiskeli inayopita hapo inapita juu ya mwenyewe. Kwa hiyo mnunuzi huinyanyua, akaipachika begani, akatembea nayo mpaka barabarani na kurudi, huku wapita njia wamesimama kutoa hukumu. Siku ile nilikuta wanaume wazima, mmoja wao katekista, wanazunguka duka na baiskeli mabegani, wamekunja nyuso kitaalamu. Hakuna aliyegusa breki. Kwani kushuka tulishuka lini tukiwa tumeikalia?

Nikaingia kwenye msafara huo kwa moyo wote. Kulikuwa na mbili zilizonitia wazimu, zote za gia, moja ina springi mbele na nyingine haina. Niliibeba ya kwanza, nikaibeba ya pili, nikarudia ya kwanza. Jumatatu ikaisha. Jumanne nikarudi kuzibeba tena, nikiwa na wasimamizi wengi zaidi, kila mmoja na mawaidha yake kuhusu gia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki gia. Muuza duka alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana na kila msemaji, hata wawili waliopingana.

Jumanne hiyohiyo akafika mzee mmoja wa Liuli, mchuuzi wa usipa, dagaa wetu wa ziwani. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi ya zamani, imefungwa matenga mawili, na harufu yake ilimtangulia dukani. Nikamwamkia shikamoo ya mdomoni tu.

"Marahaba, mwalimu. Hiyo uliyoibeba wewe, itambeba nani?"

"Mama yangu. Namshusha Liuli kwa daktari wa macho."

Akaitazama kuanzia tairi mpaka tandiko. "Mbona haina keria?"

"Keria inafungwa, mzee."

"Basi ipeleke hapo mteremkoni, pakia mtu, bana breki. Ikisimama, nunua." Kisha akaendelea. "Au sikiliza. Kesho alfajiri narudi ziwani na matenga matupu. Nitayafungua, mama akae. Nitapita Kingerikiti, nimfikishe mlangoni kwa daktari. Sitaki kitu."

Nilimdharau kwa sababu zote nilizolelewa nazo. Alikuwa mtu wa ziwani, alikuwa Mwanglikana, alikula ugali wa muhogo, na baiskeli yake haikuwa na gia. Nikamwambia, "Asante mzee, mama yangu si tenga la usipa." Duka zima likaangua kicheko, katekista akacheka mpaka akashika meza, nami nikajiona nimesema neno la maana. Mzee hakucheka. Alisema, "Haya, mwalimu," akaenda sokoni na samaki wake.

Jumatano jioni ndipo nilipoamua. Nilichukua isiyo na springi, kwa kuwa ilikuwa nyepesi zaidi begani. Nusu ya Alhamisi iliishia kwa fundi, ambaye hakupata tundu la kufungia keria kwenye fremu ile nyembamba, akaifunga kwa vipande vya tyubu, akaipiga kofi na kusema haitoki. Usiku ulinikuta nikiwa nyumbani kwa mama tayari. Aliipapasa baiskeli yote, polepole, akasema ni nzuri.

Ijumaa tukaondoka. Mama alikaa upande juu ya blanketi lililokunjwa, mikono kiunoni kwangu, akisali rozari kwa sauti ndogo. Mteremko wa kwanza haukuwa hata mrefu. Nilibana breki, na vile vipande viwili vya mpira vikapiga kelele kwenye ringi lililolowa, kisha vikanyamaza, na baiskeli ikaendelea kana kwamba sijasema nayo. Nikakata kona kuingia shambani kwa watu. Tuliangukia kwenye shimo la ngoro, tyubu zikakatika, gurudumu la mbele likapinda, na kifundo cha mguu wa mama kikaanza kuvimba palepale.

"Umeumia, mwanangu?" ndilo neno la kwanza alilosema.

Na mimi nilifanya nini? Nilifanya alichofanya kila mwanamume wa kwetu tangu tuzijue baiskeli. Niliinyanyua, nikaiweka begani. Mama akashika gurudumu la nyuma limwongoze njia, akawa anachechemea nyuma yangu, jiwe kwa jiwe, korongo kwa korongo. Ningeweza kuitupa kwenye majani na kumbeba mama. Hakuwa mzito. Wazo hilo lilinijia miaka mingi baadaye, nikiwa nakunywa chai, nikaisukuma meza kwa hasira.

Tulilala njiani kwa watu wema, tukafika Liuli Jumamosi jua likielekea kuzama ziwani. Boti iliyomchukua daktari ilikuwa imeondoka mchana. Muuguzi akamfunga mama bandeji mguuni, akampa mkongojo, akatuambia tupumzike barazani.

Barazani walikuwepo wanawake waliofanyiwa upasuaji, wamefungwa vitambaa vyeupe usoni, wanalishwa uji na watoto wao. Mmoja, akisikia mkongojo wa mama, akauliza, "Na wewe, dada, umeshafanyiwa?"

"Bado," mama akasema. "Tulichelewa. Mwanangu ni mwalimu, kazi zilimbana. Hakupata nafasi wiki nzima."

Wakamhurumia. Wakasema kazi ya serikali ni utumwa. Mama, mwanamke aliyekuwa akiungama hata kuwakasirikia kuku, alisema uongo ule bila kusita. Kisha akageuka anitulize kwa tabasamu, akalielekeza upande wangu wa kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu.