Gobori Lisilolia Msituni Ngezi

Mke wa rafiki yangu alikuwa na mimba ya miezi minne, na kila chakula kilimchefua. Samaki hakutaka hata kumwona, muhogo aliusukuma mbali. Siku moja akasema anatamani nyama ya paa. Rafiki yangu, aliyekuwa fundi cherehani pale Wete, akanifuata skuli nilikokuwa nikifundisha.

"Yakhe," akaniambia, "Jumamosi twende Makangale. Mwenzangu hali kitu, wiki ya pili hii."

Ilikuwa miaka ya hamsini inakatika. Sote wawili hatujafika umri wa miaka ishirini na tano, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwinda hata kanga. Baba mkwe wake alituazima gobori, bunduki ya zamani inayoshindiliwa baruti mdomoni, akatuonyesha mara mbili namna ya kulijaza. Nililibeba mimi, kwa kuwa mwenzangu alisema mikono yake imezoea sindano tu.

Makangale tukaelekezwa kwa mzee mmoja mkata mbao, aliyeujua msitu wa Ngezi kama ua wa nyumba yake. Tulilala kwake, na asubuhi akatutangulia na nduguye, wavu begani na mbwa wawili nyuma. Aliliangalia gobori letu bila ya kulipenda.

"Mimi nategemea wavu," alisema. "Na wewe, mwanangu, usipige kitu mpaka ukione masikio."

Mvua ikatunyeshea njiani. Mzee akaniambia nilifunike gobori kwa kitambaa. Nikaitikia, lakini kitambaa nilikwisha kujifunika kichwa, na nikaona haya kukivua.

Tulipofika ndani, wavu ukatandazwa baina ya miti. Ndugu wa mzee akazunguka na mbwa ili wamkurupushe paa kutoka upande wa pili. Mimi niliwekwa nyuma ya mvule, rafiki yangu kwenye kichaka cha kulia, mzee hatua chache nyuma yangu. Tuliambiwa tusitoke.

Nikangoja. Mbwa wakaanza kubweka kwa mbali. Mara majani mbele yangu yakatikisika, nikaona mgongo wa rangi ya udongo umeinama chini, unasogea. Masikio sikuyaona. Moyo ulikuwa ukinienda mbio, nikasema nafsini mwangu, huyo ndiye. Nikalenga, nikavuta.

Gobori likasema *ta!* na halikulia.

Mgongo ule ukainuka. Alikuwa rafiki yangu, na shati lake la kaki, anajikung'uta miguu.

"Siafu!" alinong'ona. "Wamenipanda mpaka kiunoni!" Akarudi kichakani mwake, hajui lolote.

Nikakaa chini kwenye matope. Mzee akaja polepole, akaliondoa gobori mikononi mwangu, akapitisha kidole palipowekwa baruti. Kikatoka na tope jeusi.

"Imelowa," alisema. "Alhamdulillahi."

"Mzee, nilitaka kumuua."

"Hukutaka. Lakini ungemuua." Akaniangalia. "Usimwambie sasa, mtatetemeka nyote wawili. Mwambie mkiwa njiani. Ila umwambie."

Haukupita muda, paa akatoka mbio na kunasa wavuni. Mzee akamwahi, akapiga bismillahi na kumchinja. Rafiki yangu alirukaruka kwa furaha, nami nilikuwa namtazama yeye tu, kifua chake kikipanda na kushuka.

Nilimwambia tulipokuwa tumeshatoka msituni, tunatembea kuelekea Konde kutafuta gari. Akasimama katikati ya njia.

"Ulinilenga wapi?"

"Mgongoni."

Akakaa kando ya njia, kikapu cha nyama mapajani. Nilitaka anitukane, ningeona nafuu. Badala yake akasema, "Na mimi niliambiwa nisitoke." Akanyoosha mkono nimwinue. Tulipokuwa tumekwenda kidogo akaanza kucheka, nami nikacheka, tukashindwa kujizuia mpaka mwanamke aliyepita na mzigo wa kuni akatuuliza kama tumekula kitu kibaya.

"Mke wangu asijue," alisema alipopata pumzi. "Huyo atatuua kweli."

Tulifika Wete alasiri. Mama wa rafiki yangu akaichemsha nyama kwa ndimu na pilipili manga, mkewe akaletewa bakuli. Akanusa, nasi tukamkodolea macho. Akanywa mchuzi wote, akaomba mwengine. Rafiki yangu aliinama kumpokea bakuli, na mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, umehangaika."

Machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia. Yule mama akadhani ni moshi, akanivutia kibao nikae mbali na jiko. Nikakaa, nikala wali wangu.