Unyayo Niliouacha Kibera

Juzi, huko mtaani Satellite, fundi wa soli za ndani ya viatu alimwambia binti yangu akanyage sanduku la sponji laini, ile inayobaki na alama ikikanyagwa, ili apate umbo la mguu wake. Nikasikia tena harufu ya plasta mbichi.

Nilipokuwa mdogo magoti yaliniuma na viatu vyangu vililika upande mmoja, kwa hivyo mama alinitoa mtaani kwetu Kongo akanipeleka kwa fundi wa soli kule Kibera. Rafuni kwake zilipangwa nyayo nyeupe za watoto, za plasta iliyokauka, zimeandikwa majina. Watoto wenyewe hawakuwepo. Mahali fulani maji yalidondoka.

"Kanyaga hapa pole pole," fundi alisema, akiniwekea trei ya plasta mbichi, laini kama uji.

Nyanya alikuwa amenifunza kufuta nyayo zangu mlangoni, maana anayechota udongo ulioukanyaga amekuchukua wewe. Nilidhani wale wa rafuni walichukuliwa hivyo. Nilikanyaga, lakini fundi alipogeuka, niliuvuruga unyayo wangu kwenye plasta kwa kiganja.

"Rudia," alisema bila hasira. "Hata hao wa rafuni walikataa kwanza."

Soli alizonitengenezea ziliuinua mguu wangu ukakaa sawa, magoti yakaacha kuuma. Sasa najua plasta ilikuwa kipimo tu.

Lakini juzi, fundi alipogeuka, mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya sanduku, juu ya unyayo wa binti yangu.